Spana ya Betri: Nguvu Kiasi Gani Inatosha Nyumbani?



Katika nyumba nyingi zenye gari, vyombo vya gari hununuliwa na baba peke yake, nasi akina mama husikia habari zake pesa zikiwa zimekwisha kutoka. Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya chombo kimoja ambacho siku hizi kinaingia majumbani: spana ya betri ya kufungulia nati, ambayo mafundi huiita impakti. Tunazo sababu mbili. Kwanza, bei yake si ndogo, na fedha hiyo hutoka katika mfuko uleule wa ada na chakula. Pili, nati za tairi ndizo zinazoshikilia magurudumu ya gari wanalopanda watoto wetu.

Ni chombo gani?

Aliyewahi kupeleka tairi kwa fundi pancha ameiona ile mashine ya upepo inayonguruma, na nati ikatoka mara moja. Ile huendeshwa na kompresa kwa njia ya mpira mrefu. Hii ya nyumbani hutumia betri. Ndani yake mota huzungusha nyundo ndogo, nayo nyundo hugonga kipande kingine cha chuma mara nyingi sana kwa dakika. Kwa kuwa inagonga badala ya kusukuma tu, nguvu yake huishia kwenye nati na mkono wa anayeishika haupindwi. Ndiyo maana hata mama mwenye mkono mwembamba aweza kufungua nati iliyomtoa jasho kijana mwenye misuli.

Je, kila nyumba inaihitaji? Hapana. Kama gari lenu hubadilishwa tairi mara moja kwa mwaka, na kazi nyingine zote hufanyika gereji, spana ya msalaba yawatosha kabisa. Fedha iliyobaki inunue jeki nzuri. Lakini kama baba, kijana au mama mwenyewe hubadilisha pedi za breki na shokapu nyumbani, au huhamisha tairi za mbele kwenda nyuma, chombo hiki kitaokoa muda na mgongo.

Namba zilizo kwenye boksi

Ukifika dukani utaambiwa, "Mama, chukua hii, ina nguvu kuliko zote." Usikimbilie kutoa pesa. Nguvu ya kukaza au kulegeza nati hupimwa kwa newton mita, na huandikwa Nm. Tuielewe hivi: ukining'iniza mzigo wa kilo 10 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita 1, nati hupata karibu Nm 98.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Nati za tairi za Toyota Corolla hutakiwa kukazwa kwa Nm 103. Gari lako laweza kuwa na kipimo kingine, na utakiona katika kitabu cha gari. Tuseme spana iliyokuja na gari ina urefu wa sentimita 30. Ili kufungua nati iliyokazwa kwa kipimo hicho, unahitaji kuikandamiza kwa uzito wa kilo 35 hivi. Mama yeyote mwenye afya anaweza.

Lakini tuseme nati hiyohiyo imekazwa kwa mashine hadi Nm 300. Kwa spana ileile sasa unahitaji uzito wa kilo 100. Mama wa kilo 60 hata akisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili, nati haitatikisika. Fikiria yuko barabarani, jua linazama, na watoto wako kiti cha nyuma. Mashine iko nyumbani kabatini.

Hapa ndipo kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Mashine yenye namba kubwa husifiwa kwa jinsi inavyofungua, lakini hatari yake iko katika kufunga. Nati iliyokazwa kupita kiasi huweza kuvuta bolti mpaka meno yake yaharibike au ikatike. Huweza pia kupinda diski ya breki, na usukani ukaanza kutetemeka kila unapokanyaga breki. Ikilegea nako ni hatari, kwa maana gurudumu laweza kuchomoka njiani. Kipimo kipo kwa sababu hizo zote.

Kwa gari dogo la familia, mashine inayoweza kufungua kwa Nm 300 hadi 400 yatosha. Nati ya zamani yenye kutu huhitaji nguvu zaidi ya ile iliyoikaza, na kwa sababu hiyo twahitaji akiba kiasi hicho. Zile zinazojivunia Nm 1000 na zaidi ni nzito, ni ghali, na zafaa malori na gereji. Angalia pia kwamba boksi laweza kuwa na namba mbili: ya kufungulia, ambayo huwa kubwa, na ya kufungia. Mengine huandikwa kwa kipimo cha Kimarekani cha futi-pauni, na futi-pauni 1 ni kama Nm 1.36. Kwa hiyo futi-pauni 300 ni karibu Nm 407.

Mambo matano ya kuuliza dukani

1. Kichwa chake kikoje? Cha kazi ya tairi huwa na ncha ya mraba ya nusu inchi, mahali pa kuvalisha soketi. Kuna mashine inayofanana nayo yenye tundu la pembe sita, ambayo ni ya skrubu za mbao na mabati. Muuzaji asiyejua huziita zote impakti. Ya skrubu itakuangusha kwenye nati za tairi.

2. Volti ni ngapi kweli? Betri ya volti 18 ina seli tano zilizofuatana, kila moja ya volti 3.6. Ikijaa kabisa hufikia volti 20 au zaidi kidogo, na ndiyo sababu betri ya aina hiyohiyo huuzwa Marekani kwa jina la volti 20. Basi usiongeze pesa kwa ajili ya 20 badala ya 18. Na ukiona 48 au 88 kwa maandishi makubwa juu ya betri ndogo, soma maandishi madogo kwenye kibandiko. Mara nyingi namba ile kubwa ni pambo tu.

3. Bei hii ni pamoja na betri na chaja? Mashine nyingi huuzwa tupu. Bei huonekana nzuri, kisha betri na chaja zikafanya iwe karibu maradufu.

4. Nyumbani tunazo betri za aina gani? Kama mnayo drili ya betri, tafuteni mashine ya kampuni ileile inayotumia betri zilezile. Betri mbili zikitumika kwa vyombo vitatu, nyumba imepona.

5. Soketi zake ziko wapi? Ziwe zile nyeusi, nene, zilizotengenezwa kwa kazi ya kugongwa. Zile zinazong'aa ni za mkono. Zikigongwa na mashine zaweza kupasuka na vipande vikaruka usoni. Pimeni kwanza nati zenu. Toyota nyingi hutumia soketi ya milimita 21, na magari mengi ya Volkswagen ya 17.

Chombo cha pili ambacho hakisifiwi

Pamoja na mashine, au hata kabla yake, nunueni spana ya kipimo, ambayo mafundi huiita toki renchi. Unazungusha shingo yake mpaka kwenye kipimo cha gari lako, kisha unakaza kwa mkono. Ikifikia hapo inalia "ko!" nawe unaacha. Haina betri wala kelele, lakini ndiyo inayolinda familia. Kama fedha zatosha kimoja tu, tungechagua hii, na nati tuzifungue kwa spana ya msalaba.

Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe hii: mashine hufungua, mkono hufunga.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Gari lisimame mahali tambarare, penye udongo mgumu, breki ya mkono ikiwa imevutwa na kabari zimewekwa kwenye tairi za upande mwingine. Legeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini. Inua kwa jeki, kisha weka stendi ya chuma chini ya gari. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linalobebwa na jeki peke yake. Wakati wa kurudisha, anza kila nati kwa vidole vyako, usianze kwa mashine, ili meno yaingiane sawasawa. Zikaze kiasi, shusha gari, kisha malizia kwa spana ya kipimo, ukienda kwa kuruka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zipime tena.

Juu ya watoto, mashine ikimaliza kazi itolewe betri, na vyote viwili viwekwe juu. Anayeitumia avae miwani ya kukinga macho na kinga ya masikio, kwani kelele yake ni kali. Betri isiachwe ndani ya gari lililoanikwa juani.

Kuzungumza na baba

Tusimwendee baba kwa maneno ya kumkatalia. Chombo kizuri hufurahisha, naye ana haki ya kufurahia kazi ya mikono yake. Mwambie kwa upole: "Baba Neema, tununue. Ila nati za tairi uzikaze kwa kipimo, maana siku ya pancha ninayekuwa na spana ya garini ni mimi." Ni vigumu kwa mume mwema kulikataa neno hilo.

Kisha Jumamosi moja chukua spana iliyomo ndani ya gari, wala si nyingine. Gari likiwa limesimama chini, jaribu kulegeza nati moja ya kila gurudumu kwa nguvu zako mwenyewe, halafu zikazwe tena kwa kipimo. Ikiwa kuna moja inayokataa, heri umeijua ukiwa uani kwako. Ifunguliwe siku hiyohiyo, kwa mashine au kwa fundi, nayo ikazwe upya inavyotakiwa.