Mvi si uchawi

Zamani mvi zilikuwa heshima. Mzee alipoingia barazani, vijana waliinuka wakampa kiti. Leo, katika sehemu za Kilifi, kuna wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi, si kwa urembo bali kwa kuogopa kuitwa wachawi na kuuawa. Yasikitisha zaidi kwamba mara nyingi anayewanyoshea kidole ni mtu wa nyumbani, na ukichunguza utakuta kisa ni shamba. Kikulacho ki nguoni mwako. Wengine wametoroka makwao wakakimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, kuokoa maisha yao.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali. Lakini Katiba haikai mlangoni pa mzee usiku. Aliye karibu naye ni jirani.

Basi, ndugu msomaji, mzee anayeishi peke yake mpitie kila siku umjulie hali. Mwalike arusini na matangani, asigeuke mgeni kijijini mwake. Ukisikia minong'ono kwamba fulani ni mchawi, usiieneze. Uliza kwanza ni nani anayelitaka shamba lake. Akitishwa, mwarifu chifu au polisi siku hiyo hiyo.

Nanyi vijana, kumbukeni kwamba mkijaliwa umri, mvi hizo zaja kwenu pia.