Mandari ya Uwanjani

Kiangazi kilichopita, sisi marafiki wanne tulitoka Chicago kwa gari hadi Milwaukee, mwendo wa kilomita 150 hivi kandokando ya Ziwa Michigan, kutazama besiboli. Mchezo ulikuwa bado, na tayari maegesho ya uwanja yalifuka moshi: majiko ya mkaa, soseji za bratwurst, urithi wa wahamiaji wa Kijerumani, viti vya kukunja, na milango ya nyuma ya pikapu iliyoshushwa ikawa meza. Mwenzetu akataka kumwandikia mama yake, Tanga. Akakwama. Jambo hili aliite nini?

Mmoja akapendekeza "karamu ya mkia wa gari", tafsiri sisisi isiyo na ladha. Mwingine akashikilia Kiingereza kibaki, ati Kiswahili hakina neno. Hapo ndipo ninapopinga. Tunalo mandari: watu kufungasha chakula, kutoka pamoja, kula nje na kustarehe. Neno limo kamusini, wazee wa pwani wanalijua. Ni sisi tulioliacha lishike vumbi tukakimbilia "pikiniki". Ni kweli, mandari ya kwetu haingoji mchezo wowote. Basi tuongeze: mandari ya uwanjani. Washairi wahesabu wenyewe: mizani nane kamili, kipande kizima cha mshororo, na kina cha -ni ambacho hakijapata kumsumbua mtunzi.

Mwenzetu akaandika hivyo. Mama yake hakuuliza maana. Aliuliza tumepika nini.