Minofu Yao, Mifupa Yetu

Obunga tunajua mifupa. Mgongo wazi tunaokaanga hapa ni mbuta aliyekwisha kutolewa minofu kiwandani. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na uti.

Ndiyo maana nakereka nikisikia eti Louis Leakey "aligundua" taya la Kanam. Wapi! Mwaka 1932, kule Kanam, ng'ambo ya ghuba yetu, aliyelitoa ardhini ni Juma Gitau. Leakey akalipeleka Uingereza, akasifiwa. Mwanajiolojia Percy Boswell alipokuja kukagua, Leakey hakuweza kuonyesha mahali hasa. Ramani hakuchora, na vigingi vya chuma, akasema, vimeng'olewa na wenyeji. Yaani sifa ya msomi, lawama ya mwanakijiji!

Mwaka 1984, Nariokotome, Turkana, Kamoya Kimeu aliona kakipande ka fuvu kati ya mawe. Kakazaa mifupa ya mvulana wa miaka takriban milioni 1.5. Hebu uliza watu mtaani: Leakey wanamjua, Kamoya je?

Mtaniambia wakina Leakey ndio waliotafuta pesa na kuandika vitabu. Sawa, sibishi. Lakini jicho linalotenganisha mfupa na kokoto kwenye jua kali, hiyo si elimu?

Basi kwenye vitabu vya shule na vibao vya makumbusho, jina la aliyeokota litangulie. Minofu mlishakula. Jina tuachieni.