Mbiu Haipigwi Hotuba Ikiendelea

Juzi mwanafunzi mmoja alinionyesha jarida la shule yao. Lote, tangu kichwa hadi nukta ya mwisho, lilipigwa chapa kwa Cooper Black, zile herufi nono zenye ncha za mviringo. Nilishindwa kuimaliza insha yake, ingawa ilianza vizuri.

Sizilaumu herufi hizo. Oswald Cooper wa Chicago alizibuni, zikatolewa mwaka wa 1922, zimwite mpita njia kutoka mbali. Zikisongamana katika aya, matundu finyu ya 'a' na 'e' hulichosha jicho.

Walimu walezi wa majarida, ziacheni zitambe kwenye vichwa na mabango. Mbiu ya mgambo huwaita watu. Wakishaketi, msemaji asikike.