Mchango wa Matanga na Mkataba wa Kazi: Mshikamano wa Jericho Ufike Lini?

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Katika mtaa wa Jericho, upande wa Eastlands jijini Nairobi, methali hii haihitaji mfasiri. Mtu akifiwa, jua halitui kabla viti havijapangwa nje ya nyumba na daftari la michango kufunguliwa. Mwenye mia hutoa mia, mwenye kumi hutoa kumi, na asiye na kitu huchota maji au huinjika chai. Mtoto akikosa karo, wito ni ule ule. Haulizwi mtu kabila wala dhehebu. Ukarimu huu ni hazina ambayo mitaa mingi yenye malango na walinzi haina, na anayeudharau hajapata kufiwa akiwa mpangaji. Hata hivyo, yako matanga ambayo wakazi wa Jericho huyafikia wakiwa wamechelewa. Hayo ni matanga ya kazi.

Historia ya wafanyakazi wa simu nchini Kenya inatoa ushahidi. Hadi mwaka 1999, posta na simu zilikuwa chini ya shirika moja la umma. Mwaka huo shirika hilo liligawanywa, na huduma za simu zikapewa Telkom Kenya. Serikali ilipokuwa ikiiandaa kampuni hiyo kwa ajili ya kuiuza, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi katika muda mfupi, wengi wao katika miaka ya 2006 na 2007. Mwishoni mwa 2007, France Telecom ya Ufaransa ilinunua asilimia 51 ya hisa kwa dola milioni 390. Magazeti yaliandika mengi kuhusu bei hiyo. Waliomwaga unga waliandikwa kama tarakimu. Kundi moja la wafanyakazi wa zamani, lililotajwa mahakamani kuwa la watu 996, lilidai haki yake kwa miaka mingi, na mwaka 2014 shauri lao lilikuwa bado linajadiliwa katika Mahakama ya Rufaa. Mtu aliyeachishwa kazi mwanawe akiwa darasa la kwanza angeweza kumwona mwana huyo akikaribia kumaliza shule ya msingi ilhali faili bado imo kortini.

Mshahara mmoja unapokatika Eastlands, haukatiki peke yake. Muuza mboga katika soko la Jericho hulijua jambo hilo mapema kuliko mwanahabari, kwa kuwa mteja aliyekuwa akilipa mwisho wa mwezi sasa anaomba aandikiwe deni. Mwenye duka huligundua pale mfuko wa kilo mbili za unga unapogeuka kuwa wa kilo moja. Wazee kijijini, waliozoea kutumiwa kidogo cha sukari, huligundua kwa kimya. Baada ya miezi kadhaa huja harambee ya karo, kisha ya hospitali, na wakati mwingine ile ambayo hakuna anayependa kuitaja. Wakazi huitika kila mara. Swali ni kwa nini wanaitwa katika hatua hiyo tu.

Jibu moja limo katika neno ambalo watu wengi hulitumia bila kulitafakari, nalo ni kiinua mgongo. Ni neno lenye picha ya mtu aliyeinama kazini miaka mingi, ambaye anapoondoka hupewa kitu cha kumsaidia kusimama wima. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba mfanyakazi anayeachishwa kazi kwa sababu nafasi yake imeondolewa hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Aliyefanya kazi miaka 20 hupata mshahara wa siku 300, yaani takriban miezi kumi. Hicho ni kima cha chini. Chama cha wafanyakazi kinaweza kujadiliana na mwajiri hadi mkataba wa pamoja utaje siku 30, na mtu huyo huyo akaondoka na malipo ya miezi ishirini. Tofauti ya miezi kumi haipotei hewani. Ikikosekana katika mkataba, italipwa na mtu mwingine: muuza mboga atailipa kwa deni lisilorudi, na majirani wataitoa noti kwa noti katika daftari la michango. Kwa hiyo anayedhani kuwa mkataba wa wafanyakazi wa simu ni shauri lao na mwajiri wao, ahesabu upya. Jericho ni mhusika katika mkataba huo, ingawa hakuna anayewaita wakazi wake waje kutia sahihi.

Mitaa ya Eastlands yenyewe ilizaliwa na suala la kazi. Jina la Ofafa, linalobebwa na mitaa kadhaa ya eneo hilo, ni la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Mwaka 1954, kamati ya serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mishahara ya Waafrika mijini ilikadiriwa kana kwamba kila mfanyakazi ni kapera asiye na mke wala mtoto, ikapendekeza ipandishwe hatua kwa hatua hadi imtoshe mtu mwenye jamaa. Kukiri huko hakukuletwa na huruma. Miaka minne nyuma, Mei 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa, Nairobi iliingia katika mgomo mkuu uliodumu zaidi ya wiki moja. Mgomo wa jiji zima hauwezi kusimama kwa nguvu za waliogoma peke yao. Unahitaji anayepika, anayehifadhi, na anayekataa kuichukua kazi ya aliyegoma.

Fasihi ya Kiswahili imelijua hili kwa muda mrefu. Katika riwaya ya Kuli (1979), Shafi Adam Shafi anamfuata Rashidi, kijana wa Unguja anayeingia bandarini kama babake alivyoingia, hadi kwenye mgomo wa wachukuzi wa 1948. Wahakiki wengi huisoma kama hadithi ya kuamka kwa tabaka la wafanyakazi, na hawakosei. Lakini bandari ile imezungukwa na vichochoro, na ni humo vichochoroni njaa ya mgomo hungojewa. Alamin Mazrui, katika tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), anaipeleka hoja mbali zaidi: Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi, na papo hapo anakabiliana na dharau ya jamii inayoshuku uongozi wa mwanamke. Adui wa mkataba wa haki, katika tamthilia hiyo, hakai upande wa mwajiri tu. Tukivuka hadi Senegali, Sembène Ousmane aliandika juu ya mgomo wa reli wa 1947 na 1948, na wasomaji wa riwaya yake humkumbuka kiongozi wa mgomo kidogo kuliko wanavyowakumbuka wanawake waliotembea kutoka Thiès hadi Dakar. Inashangaza kwamba vitabu kama hivi hufundishwa na kutahiniwa, kisha mwanafunzi hupita karibu na mafundi wa simu waliobeba mabango asiwaulize wanadai nini.

Yapo mapingamizi, na si ya kupuuzwa. La kwanza husemwa waziwazi sokoni: mwenye mshahara, bima na marupurupu ya nyumba anamwombaje mshikamano mama anayelala na nyanya zisizouzwa? Kuna ukweli wenye uchungu hapa. Mfanyakazi mwenye ajira ya kudumu mara nyingi hajawahi kusimama na wachuuzi wanapofukuzwa na askari wa jiji. Mshikamano unaodaiwa upande mmoja ni kodi. Ikiwa chama cha wafanyakazi kinataka Jericho isimame nacho, nacho kionekane Jericho siku ambayo vibanda vinabomolewa. Pingamizi la pili ni la viongozi wa vyama, ambao huja kuomba kura na kisha hawaonekani. Hilo nalo ni kweli katika vyama vingi, ila dawa yake haiwezi kuwa kukaa mbali. Kiongozi anayejua kwamba mkataba utasomwa na kujadiliwa mtaani hatauuza kwa wepesi kama yule anayejua kwamba hausomwi na yeyote. Wengine huongeza kwamba mgomo wa simu humkatia maskini mawasiliano. Hao wakumbuke kwamba tangu M-Pesa ianzishwe Machi 2007, hata michango ya matanga hupitia mitambo ya simu, na mitambo hiyo haijiendeshi.

Wagumu zaidi kuwafikia ni vijana. Kazi nyingi zilizokuwa za mafundi wa kudumu sasa hugawiwa wakandarasi, na kijana anayepanda mlingoti kufunga nyaya huenda asijue vyema mwajiri wake ni nani. Mgomo unapotangazwa, ni kijana kama huyo, aliyekaa kituoni bila kibarua tangu asubuhi, anayefuatwa na kuahidiwa nafasi ya aliyegoma. Kumlaumu ni rahisi kwa aliyeshiba. Lakini akikubali, anaipokea nafasi ambayo imekwisha kupunguzwa thamani, na kesho atatolewa kwa njia ile ile. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka ilani ya siku saba kabla ya mgomo. Katika siku saba hizo, mzee mmoja anayeheshimiwa akienda kituoni kuzungumza na vijana anaweza kuufaa mkataba kuliko hotuba kumi za Mei Mosi.

Wala vijana si wanyonge kama wanavyosawiriwa. Mei Mosi mwaka 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 waliokuwa wakichuja picha na maandishi ya kutisha kwa niaba ya kampuni za Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Miezi michache kabla ya hapo, kampuni ya Sama ilikuwa imetangaza kuachana na kazi hiyo ya uchujaji, na wafanyakazi 184 walikwenda mahakamani. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta, yenye makao yake Marekani, inaweza kushtakiwa Kenya. Watu hawa walikaa mbele ya kompyuta usiku na mchana wakitazama mauaji ili wengine wasiyatazame, kisha wakarudi katika nyumba za kupanga wakiwa na jinamizi ambalo majirani hawakuwa na neno la kulieleza. Kazi ya mawasiliano imebadilika sura. Haja ya mkataba haijabadilika.

Kiisimu, mshikamano na mchango ni maneno yanayotofautiana sana. Mchango unatokana na kuchanga, kukusanya vilivyotawanyika. Katika mshikamano, kitenzi shika kimebeba kiambishi cha kutendama, kinachoonyesha hali ya kugusana na kudumu, kisha kile cha kutendana. Mtu anaweza kuchanga na kwenda zake. Hawezi kushikamana kisha akaondoka. Jericho ina uwezo wa yote mawili, kama inavyoonekana katika vyama vya akina mama vya kuweka na kukopeshana, ambavyo hudumu miaka mingi kwa kanuni kali na kumbukumbu zilizoandikwa. Si ajabu kwamba Kiswahili hukiita chama kile cha akiba na chama cha wafanyakazi kwa neno moja.

Na hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapokosa kisingizio. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na vyama haki ya kujadiliana na waajiri. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini mikataba ya pamoja aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, husajiliwa mahakamani kwa Kiingereza, na huvunjwa kwa barua ya Kiingereza. Jirani anayetakiwa kuuunga mkono mkataba hawezi kuusoma. Mara nyingine hata anayelindwa nao hujua kurasa mbili tu, ya mshahara na ya likizo. Tafsiri ya mkataba mmoja, iliyosahihishwa na mwanasheria na kubandikwa ukutani sokoni, ni kazi ya wiki tatu kwa wanafunzi watano. Tasnifu nyingi huchukua muda mrefu zaidi na kusomwa na watu wachache zaidi.

Mahali pa kusomea tafsiri hiyo papo. Uwanja wa Camp Toyoyo hujaa mashabiki wa soka kila wikendi, na mapumziko ya kati ya vipindi yanatosha kusoma kifungu kimoja kwa kipaza sauti. Kianze kile cha kuachishwa kazi. Watafsiri watasumbuka tangu kichwa chake, kwa kuwa lugha ya ofisini husema "kupunguza wafanyakazi" ilhali Eastlands husema "kupigwa kalamu". Waandike yote mawili, na lile la Eastlands litangulie.