Mzunguko wa dakika tano si majaribio ya gari

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu si kazi pekee. Kwa miezi miwili sasa, kila Jumamosi nimekuwa nikizunguka Nairobi na viunga vyake nikitafuta gari la familia: milango minne, buti inayotosha kigari cha mtoto, lisilokunywa mafuta sana. Mwulize Mkenya yeyote atakuambia, "Chukua Axio." Nami sikuwa tofauti na wengine. Gari lenyewe sijanunua bado, lakini nimerudi na maoni ambayo yamenikaa kooni. Sisi hatujaribu magari kabla ya kununua. Tunatembezwa tu.

Hebu fikiria. Mtu akinunua rununu ya shilingi 15,000 atakaa dukani nusu saa. Ataweka laini, apige simu, apige picha, aangalie kama inashika chaji. Mtu huyo huyo akienda kununua gari la zaidi ya milioni moja, ataliendesha hadi stesheni ya petroli iliyo karibu, arudi, apige tairi teke mara mbili, aseme "iko sawa," kisha atume pesa.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kuna siri moja ya kazi hii nitawaambia. Programu ninayomwonyesha mteja ofisini huwa haikwami hata siku moja. Si kwamba haina kasoro. Ni kwamba mimi ndiye ninayeiendesha, na najua vitufe ambavyo sifai kuvibonyeza. Kasoro hutokea Jumatatu, watu mia tatu wanapoingia kwa pamoja na kubonyeza kila kitu. Mzunguko wa dakika tano ambao muuzaji anakupa ni maonyesho kama hayo. Barabara kaichagua yeye, saa kaichagua yeye, na injini kaiwasha yeye kabla hujafika.

Hili la mwisho lilinipata. Nilimpigia muuzaji simu usiku nikamwambia nitafika saa kumi na mbili unusu asubuhi, na tafadhali asiwashe gari. Nilipofika niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa moto kama sufuria ya chai. "Nilikuwa nalipasha tu kwa ajili yako, bosi," akasema. Injini iliyolala usiku kucha ndiyo husema ukweli: kama inawaka kwa shida, kama inagongagonga, kama inatoa moshi wa buluu kwa sababu inakula oili. Ikishapata joto, mengi ya hayo hujificha. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Kwa gari la pili nilijipanga kama ninavyopanga majaribio ya programu, nikaandika orodha. Kwanza karatasi, hata kabla ya ufunguo: kumbukumbu za gari kwa NTSA kupitia eCitizen, nione mmiliki ni nani na kama kuna benki ambayo bado inalidai. Pili bima, maana bila bima ya mtu wa tatu hulipeleki barabarani kihalali. Tatu tairi: nambari nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni hukupa wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuapia kwamba tairi ni mpya, soma hapo.

Kisha njia. Nilitaka barabara yenye matuta nisikie shoku na bushi, foleni nione kama joto la injini linapanda, na kilima. Tukakubaliana tutoke Kangemi tupande kuelekea Gitaru, maana gari jepesi la injini ya lita 1.5 likipanda pale na watu wanne ndani haliwezi kudanganya. Na hilo ndilo jambo la mwisho kwenye orodha: watu wanne. Nilimchukua mama watoto, mtoto na kiti chake, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Gari la familia lijaribiwe na familia. Ukiwa peke yako hutajua kama kiti cha mtoto kinaenea nyuma, wala kama mama anaweza kutoka bila kushikwa mkono.

Muuzaji hakufurahi. "Bosi, hao wote wa nini? Ni kuona gari tu."

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wapenzi wa teknolojia mnaisubiri. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna tundu la pini 16 liitwalo OBD-II. Marekani ililifanya kuwa la lazima kwa magari ya modeli ya 1996, na magari ya Japani tunayoyaona hapa sasa mengi yanalo. Nilikuwa na kifaa kidogo cha Bluetooth cha aina ya ELM327, kinachozungumza na programu kwenye rununu. Tarakilishi ya injini huweka hitilafu kwa misimbo. P0300, kwa mfano, ni kwamba injini inakosa kuchoma mafuta vizuri kwa silinda tofauti tofauti. P0420 ni kwamba kisafisha moshi cha ekzosi kimechoka.

Nilisoma. Hakuna msimbo hata mmoja. Safi kabisa.

Lakini misimbo hufutwa kwa sekunde mbili, na kifaa nilicho nacho mimi hata muuzaji anaweza kuwa nacho. Wengi wasilolijua ni kwamba kufuta kunaacha alama. Gari hujipima lenyewe mambo kadhaa, kama vihisi vya oksijeni na hicho kisafisha moshi. Ukifuta misimbo, vipimo hivyo hurudi kuwa "havijakamilika" na huhitaji safari kadhaa vikamilike tena. Magari mengi pia huhesabu umbali tangu misimbo ilipofutwa. Gari hili lilisema kilomita 6.

Nilimwuliza muuzaji. Akasema alibadilisha betri jana. Na hapa lazima niwe mkweli: inawezekana. Kutoa betri kunaweza kufuta kumbukumbu hizo vilevile. Kwa hivyo kifaa changu cha kijanja kilinipa swali tu, hakikunipa jibu. Niko pale na rununu mkononi, gari limepanda kilima vizuri, halina sauti mbaya, mama watoto amelipenda, nami nimeanza kujishawishi kwamba betri ni betri.

Ni mama aliyeniokoa. Mama ambaye simu yake bado ni ya vitufe. Alikuwa nyuma akijaribu kujifunga, akauvuta mkanda wote hadi mwisho kwa sababu hakuona pa kuuchomeka. Akaniita.

"Baba, mbona mkanda huu una tope?"

Niligeuka. Ile sehemu ambayo siku zote hubaki imejiviringisha ndani ilikuwa na mstari wa tope lililokauka. Tukasimama kando ya barabara. Nikafungua buti, nikainua zulia, nikatoa gurudumu la akiba. Chini yake kulikuwa na kutu na mchanga laini, ule ambao huletwa na maji. Muuzaji akasema, "Ni vumbi tu, mama." Hakuna aliyemjibu.

Mnakumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024, jinsi magari yalivyozama Nairobi. Sisemi gari hili lilikuwa mojawapo, kwa sababu sikuliona likizama. Lakini maji yaliyofika kwenye mkanda wa kiti yalishapita kwenye nyaya zilizo chini ya zulia. Nyaya hizo hazifi siku hiyo. Huoza polepole, kiungo kimoja kwa kingine, na mwaka mmoja baadaye taa za dashibodi zinawaka bila sababu na kila fundi anabadilisha kifaa tofauti kwa pesa zako.

Pesa zenyewe si zangu. Ni mkopo wa SACCO wa miaka minne, na wenzangu watatu kazini wameniwekea saini kama wadhamini. Gari likifa baada ya miezi minane, mimi nitaendelea kulipa gari lisilotembea, na nikishindwa watalipa wao. Ndiyo maana maneno kama "usimkasirishe muuzaji" hayaniingii tena akilini.

Najua mtakayoniambia. Mtasema mna fundi anayejua gari kwa sikio. Vizuri, nendeni naye, mimi pia nina wangu na namheshimu. Lakini sikio lake linasikia injini, halisikii mkanda wala karatasi. Mwingine atasema ukichelewa gari litachukuliwa. Nami nasema lichukuliwe. Muuzaji huyu alitaka shilingi 50,000 za "kushikilia gari" kabla hata hatujawasha injini. Anayekuharakisha utoe pesa na kukuchelewesha ukitaka kukagua amekwisha kukuambia jambo muhimu kuhusu gari lake. Na atakayesema kifaa cha OBD kinatosha, asome tena hapo juu. Kifaa kilitoa dalili na mama akatoa ushahidi. Nilihitaji vyote viwili.

Ninachoomba si kikubwa. Gari liwe baridi ukifika. Safari isiwe chini ya nusu saa, kwenye njia uliyoichagua wewe. Familia iwe ndani. Kila mtu apewe kazi ya kugusa kitu kimoja: mikanda yote hadi mwisho, madirisha yote, kila taa, kila mlango kutoka ndani. Na uamuzi ufanyike nyumbani, kamwe si kwa muuzaji.

Sisi tulirudi nyumbani kwa matatu. Mtoto alilala, kiti chake nikakipakata mimi njia nzima huku kondakta akinidai nauli ya kiti cha pili. Mama alicheka hadi tukafika. Jumamosi ijayo tunaenda kuona jingine, na safari hii mama ndiye atakayeingia kwanza.