Mikono ya Hiari na Dhima ya Baraza

Miongoni mwa mambo yanayomshangaza mtu atokaye nchi za joto akaingia Uingereza ni kwamba kazi kubwa ya kutunza hifadhi ndogo za maumbile, yaani vile vipande vya msitu, madimbwi ya matete na malisho ya maua vilivyosalia pembezoni mwa miji, haifanywi wakati jua linapowaka na majani yamechanua, bali hufanywa baina ya Oktoba na Februari, miezi ambayo mchana wa London hufupika hata ukafikia saa nane tu, ardhi ikaganda, na kila mwenye akili timamu, kwa dhana ya mgeni huyo, angepaswa kuwa ndani karibu na moto. Asubuhi ya Jumapili, au katikati ya juma kwa wale waliokwisha kustaafu, hukusanyika watu kumi, pengine ishirini, wakagawiwa misumeno, mundu na mikasi ya mipini mirefu, wakakata vichaka hata adhuhuri, wakanywa chai wamesimama, wakakata tena mpaka nuru ikafifia, kisha wakarejea makwao bila ya ujira. Ninalotaka kulipima hapa ni kama ni insafu kwa dola tajiri kuiacha amana hii itegemee mikono ya watu hao.

Kabla ya kuhukumu, ni sharti ifahamike kwa nini kazi yenyewe inangoja baridi, maana wengi huidhani kuwa ni ukaidi wa Waingereza, ambao kwa kweli ukaidi hawakupungukiwa. Sheria ya mwaka 1981 ya kuwalinda wanyama pori imeharimisha kuharibu kiota cha ndege kinachotumiwa au kinachojengwa, na kwa hiyo tangu mwanzo wa Machi hadi mwisho wa Agosti watunzaji huepuka kugusa vichaka. Tena mti uliopukutisha majani umelala, nguvu zake zimeshuka mizizini, na ukikatwa hadi karibu na ardhi katika hali hiyo haufi, bali majira ya joto yakirudi huchipua fito nyingi zilizonyooka ambazo baada ya miaka kadhaa zitakuwa tayari kukatwa tena. Hivyo ndivyo inavyotunzwa mihazeli ya Bradfield Woods katika jimbo la Suffolk, msitu ambao kumbukumbu za kukatwa kwake kwa zamu zinarudi nyuma hadi mwaka 1252. Watu wa zama hizo hawakuwa na habari ya vipepeo. Walitaka kuni, nyua na fito za kujengea kuta za udongo. Lakini pale walipokata, jua lilifika chini, maua yaliyokuwa yamelala gizani yakainuka, vipepeo wakayafuata maua hayo, na katika machipukizi mazito ya miaka michache akapata maskani naitingeli, ndege yule ambaye washairi wa Ulaya hawajachoka kumsifu kwa kuimba usiku, naye kila mwaka huikimbia baridi ya Uingereza akaja kukaa Afrika ya Magharibi.

Basi karne iliyopita fito zile zikakosa mnunuzi. Makaa ya mawe yalikuwa yamekwisha kuingia majumbani, kisha ikaja gesi. Nyua zikawa za waya. Malisho yakalimwa kwa matrekta na kutiwa mbolea za viwandani, hata ikakadiriwa kwamba asilimia 97 ya malisho yenye maua mengi katika England na Wales yametoweka tangu miaka ya 1930. Msitu uliokuwa ukikatwa kwa ajili ya faida ukaachwa ukajifunga, na malisho machache yaliyobaki, yakikosa kondoo na fyekeo, yakaanza kumezwa na miiba. Hii ndiyo asili ya kazi ya hiari ninayoizungumza: watu wanatenda leo kwa mapenzi yale ambayo mababu zao waliyatenda kwa kutafuta riziki, na maumbile, ambayo hayajui tofauti ya nia, yanaitikia vilevile.

Sheria nayo ilikuja kwa nia njema. Mwaka 1949, nchi ikiwa bado haijapona majeraha ya vita, Bunge lilipitisha sheria iliyozipa serikali za mitaa uwezo wa kutangaza hifadhi zao wenyewe, na mwaka 1952 ghuba ya Aberlady kule Scotland ikawa ya kwanza kutangazwa. Leo England peke yake ina hifadhi za namna hiyo zaidi ya 1,600, nyingine zikiwa hazizidi uwanja wa mpira kwa ukubwa. Mwaka 1959 vijana wa kujitolea walipanda kilima cha Box Hill, kusini ya London, wakafyeka vichaka vilivyokuwa vikiyafunika majani mafupi ya ardhi ya chokaa, na kutokana na kazi ile kikakua chama ambacho hadi sasa kinapeleka makundi ya watu wa hiari kila pembe ya nchi. Lakini katika sheria ile ya 1949 mlikuwa na upungufu ambao matunda yake machungu yanaonekana sasa: baraza la mji lilipewa ruhusa ya kuwa na hifadhi, halikutwikwa wajibu wa kuitunza. Shule, huduma kwa wazee na ukusanyaji wa taka ni faradhi kwa baraza. Bustani na hifadhi ni sunna. Na katika miaka iliyofuata 2010, serikali kuu ilipoyapunguzia mabaraza ruzuku, iliyokatwa mapema ilikuwa ni sunna, na aghalabu aliyetangulia kuondoka ni yule msimamizi wa hifadhi aliyelipwa mshahara, aliyejua kila dimbwi na kila mti mgonjwa.

Wako wanaosema kwamba yote haya ni shughuli bure, kwamba maumbile hayahitaji msumeno, na kwamba mwanadamu akiondoa mkono wake mambo yatatengenea yenyewe. Hoja hii si ya kupuuzwa. Huko Knepp, katika jimbo la Sussex, shamba la eka zipatazo 3,500 lililokuwa likipata hasara katika kilimo liliachwa tangu mwaka 2001 liende litakavyo, na naitingeli, ambaye idadi yake katika Uingereza imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwisho wa miaka ya 1960, akaongezeka pale penye vichaka vya miiba ambavyo mkulima yeyote angeviona kuwa ni fedheha. Hata hivyo anayeutaja mfano wa Knepp asisahau kuwataja ng'ombe wenye pembe ndefu, farasi wadogo, nguruwe na paa waliofunguliwa humo, ambao kwa kula, kukanyaga na kufukua wanafanya usiku na mchana kazi ile ile ya mundu. Hifadhi ya hekta tano iliyobanwa kati ya reli na mtaa wa nyumba haiwezi kufunguliwa nguruwe. Ikiachwa kwa miaka thelathini, haitakuwa Knepp. Malisho yatageuka kichaka, kichaka kitageuka msitu mchanga wenye kivuli kizito, na dimbwi litajaa majani yaliyooza hata vyura wakahama. Kwa mahali padogo, mkono wa binadamu umesimama badala ya kundi la wanyama lililotoweka, na sioni njia nyingine.

Hoja ya pili ndiyo nzito zaidi, nayo hutolewa na watu wa vyama vya wafanyakazi: kwamba kila saa inayotolewa bure ni saa iliyonyang'anywa kibarua aliyestahili kulipwa, na kwamba baraza, likishaona kazi inakwenda bila ya gharama, halitarudisha mshahara kamwe. Watetezi wa kazi ya hiari hujibu kwa kutaja faida za mwili na roho, nazo ni za kweli; mjane aliyekuwa hatoki nyumbani tangu Novemba hupata watu wa kuzungumza nao, na kijana asiye na kazi hujifunza kushika shoka. Lakini jibu hilo halilingani na hoja. Hakuna aliyesema kwamba kukata vichaka kunamdhuru mkataji. Lililosemwa ni kwamba kunampa mwajiri udhuru, na ushahidi umo katika hesabu zenyewe, kwani mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa, ambao hutoa fedha nyingi kwa miradi ya namna hii, huruhusu muda wa watu wa hiari uhesabiwe kama mchango katika maombi. Tendo la ukarimu likishaingizwa daftarini kwa thamani ya fedha, mtunza hazina naye ni binadamu: ataona pengo limezibwa.

Mimi sikubali kwamba dawa ni kuwazuia watu kujitolea, kwani kumzuia mtu asiitunze ardhi anayoipenda ni dhulma ya aina yake. Nadhani kosa limo katika kuchanganya kazi mbili zilizo mbalimbali. Kukata, kubeba, kukusanya matawi na kuyachoma ni kazi ambayo watu ishirini wa hiari wataifanya kwa siku moja vizuri kuliko kibarua mmoja kwa majuma mawili. Lakini kuamua kikatwe nini na kisikatwe nini; kukumbuka kwamba kona ile ilikatwa miaka saba iliyopita na zamu yake haijafika; kuomba leseni ya kuwagusa vipanya wa mitini, wale walalao usingizi mmoja tangu vuli hadi mwisho wa baridi; kuchunguza kama mti uliooza utawaangukia watoto njiani; kusimama mbele ya kamati ya ujenzi na kupinga barabara isipitishwe juu ya dimbwi, hayo ni mambo yanayotaka mtu wa kudumu, mwenye elimu na mamlaka, ambaye mvua ikinyesha hana hiari ya kukaa nyumbani. Kundi lililokosa kiongozi wa namna hiyo halivunjiki siku ile ile. Hukata kidogo kidogo mahali pale pale palipo pepesi kufikika, wazee wake huchoka, na wapya wanaokuja hawapati wa kuwaonyesha kazi.

Mfano ulio kinyume tunao karibu na kwetu. Msitu wa Karura mjini Nairobi, wenye hekta 1,041, uliponea chupuchupu kugawanywa viwanja, na mwezi Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti humo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilipoyapa makundi ya wananchi nafasi katika usimamizi wa misitu ya serikali, mwaka 2009 wakazi wa jirani waliunda chama cha Marafiki wa Karura, wakashirikiana na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya; uzio ukajengwa, ada ikawekwa langoni, na fedha zile zikalipa walinzi na vibarua. Leo, hata katika ukungu wa Julai, Nairobi ikiwa katika kipupwe chake, wako watu wengi wanaokwenda kung'oa mimea vamizi na kuokota taka kwa hiari, na sababu mojawapo ya kujasiri kwao ni kwamba wanamkuta pale mtu wa mshahara anayejua kazi na ambaye kesho atakuwapo. Sisemi kwamba mpango ule hauna kasoro. Mwaka 2025 ulizuka mzozo mkali juu ya nani azikusanye ada zile, jambo linaloonyesha kwamba serikali iliyousahau msitu ulipokuwa maskini yaweza kuukumbuka upesi ukishaanza kuingiza fedha. Wala sitaki hifadhi za Uingereza, ambazo mtoto huingia bila ya kulipa, ziwekewe malango. Ninachokitoa Karura ni mpangilio wake tu: mshahara ulikaribisha hiari, haukuifukuza.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba sheria ile ya 1949 irekebishwe, na baraza lolote lililoitangaza hifadhi lilazimishwe kuwa na msimamizi anayelipwa, hata ikiwa mmoja atagawanywa baina ya hifadhi nne au tano, na saa za watu wa hiari zisiruhusiwe kutajwa popote kuwa ni sababu ya kumwondoa. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kuuanza upya msitu uliokwisha kufa, na miti ya Bradfield inashuhudia kwamba kitu kinachotunzwa bila ya kukatizwa hudumu kupita falme.

Wasomaji wangu waishio London, Coventry au Leicester, ambao huenda wameviona vikundi hivi vikipita na misumeno na wakadhani ni shughuli ya wenyeji peke yao, wajue mambo mawili. Kwanza, mtu hahitaji ujuzi wala zana. Zana huazimwa pale pale, na mtu anachotakiwa kuleta ni viatu vya matope na nguo nzito tu. Pili, raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola, akiwa na ruhusa halali ya kuishi Uingereza na ametimiza umri, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa mabaraza, ambao kwa kawaida hufanyika mwezi wa Mei. Mgombea atakapobisha hodi mlangoni, aulizwe kama katika bajeti yake mna mshahara wa msimamizi wa hifadhi, na jibu lake liwekwe akilini mpaka siku ya kura.